Kabla hujaandika "mgonjwa hashirikiani": turudi kwa nadharia ya Roy

MwanaWodi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za zamu. Kuna sentensi moja kila nikipokea ripoti lazima niikute kwenye faili la mtu, "mgonjwa hashirikiani". Inaandikwa ivoivo, nukta, mtu anasaini anaenda zake kulala. Ukiuliza kwa nini hashirikiani unajibiwa ndo alivyo huyo, mkorofi tangu jana. Sasa humu manesi karibu wote tumesoma ile nadharia ya Sista Callista Roy ya mgonjwa kukabiliana na mazingira yake, tukaikariri, tukajibia mtihani, tukaiacha hukohuko chuoni. Mimi naiona ni kati ya nadharia chache za uuguzi ambazo ukizishika kisawasawa zinabadilisha unachofanya pale kitandani, ila ina hatua moja tunairuka na ukishairuka hiyo kilichobaki ni makaratasi tu.

Kwa waliosahau. Roy ni mtawa wa Marekani, nesi wa watoto, na akiwa anasoma masters pale chuo kikuu cha UCLA, California, miaka ya 60 mwalimu wake Dorothy Johnson aliwabana darasani waseme uuguzi lengo lake hasa ni nini. Roy akakumbuka watoto aliowahudumia wodini, jinsi mtoto anavyopatwa na badiliko kubwa la mwili au la maisha na bado anajipanga upya kwa namna inayokushangaza. Akajenga hoja kuanzia hapo, kwamba kazi ya nesi ni kuusaidia huo uwezo wa mtu kujipanga. Makala yake ya kwanza kuhusu hiyo modeli ilitoka 1970.

Kitu ambacho wengi hawakifuatilii ni kwamba moyo wa nadharia kauchota nje ya uuguzi kabisa, kwa mwanasaikolojia Harry Helson aliyekuwa anachunguza mambo ya hisi. Mtu akinyanyua kitu atakwambia kizito au chepesi kutegemea na alivyokuwa ananyanyua kabla yake, yani uzito uleule, majibu mawili tofauti. Kwa sababu mtu hajibu kitu kimoja peke yake, anajibu kile kitu na vinavyokizunguka na alichokuja nacho kutoka nyuma. Roy akavigawa hivi vichocheo mafungu matatu. Kuna kichocheo kikuu, kile kinachomkabili mgonjwa sasa hivi. Kuna vya pembeni, vinavyoonekana wazi vikiongeza au kupunguza makali ya kile kikuu. Halafu kuna vya masalia, imani, mambo ya zamani, vitu unavyohisi vinachangia lakini hujathibitisha, na ukishathibitisha vinatoka huko vinahamia pembeni au vinageuka kuwa ndo kikuu chenyewe.

Chukulia mgonjwa huyu, nimembadilisha mambo yake asitambulike. Baba wa makamo, kisukari, kakatwa mguu chini ya goti. Siku ya tatu anakataa dresingi (kusafishwa na kufungwa kidonda), anageukia ukutani, chakula hagusi, mkewe akija anamwambia arudi nyumbani. Tukaandika hashirikiani. Ukimpitisha kwenye zile modi nne za Roy, yani sehemu nne za maisha ya mtu ambazo nesi anaangalia tabia yake, utajaza ukurasa vizuri tu: mwili una maumivu na sukari iko juu, kwenye kujiona hataki hata kuangalia chini ya shuka, majukumu alikuwa dereva na nyumba nzima inamtegemea, mahusiano, ile modi ya kutegemeana, kamfukuza mke. Safi. Lakini hapo umeandika tabia tu. Hiyo ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili inakutaka uichukue kila tabia utafute vichocheo vyake, na sisi tukimaliza ya kwanza tunarukia kuandika utambuzi wa kiuguzi na malengo kana kwamba tumeshajua.

Nesi mmoja akaamua kutafuta. Dresingi inafanyika saa mbili asubuhi wakati wa raundi ya madaktari, pazia halifungi, wodi nzima inaangalia. Dawa ya maumivu kwenye chati ni ya saa tatu, yani anafunguliwa kidonda kwanza halafu ndo anapewa dawa, fikiria. Na alipokaa naye taratibu jioni mzee akasema kaka yake naye alikatwa mguu na hakumaliza mwezi, kwa hiyo yeye anajua yuko kwenye foleni tu na kula ni kupoteza chakula cha watu.

Hakuhubiriwa mtu hapo. Dresingi ikahamishwa baada ya raundi, pazia likapatikana, dawa ikatangulizwa karibu saa nzima kabla, na daktari akaja kumweleza hali ya kidonda chake yeye, na sio cha kaka. Dresingi alianza kuikubali mapema. Chakula kilichukua muda, na mke alichukua muda zaidi, sitawadanganya.

Swali langu kwenu: hiyo hatua ya pili mnaifanya au mnaijaza tu?

Zamu_ya_Usiku

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Hiyo ya dawa saa tatu na dresingi saa mbili nadhani kila wodi inayo, imenichoma.

Mzee wa Hoja

Mkuu uzi mzuri lakini ngoja niwe mbaya wako kidogo, maana naona kila mtu anakuja na pongezi.

Kwanza hizo modi zenyewe zinaingiliana mpaka kero. Huyo dereva wako kapoteza mguu kwa hiyo kazi imeondoka, kwa hiyo anajiona si mwanaume kamili, kwa hiyo kamfukuza mke. Hiyo ni modi ya kujiona, ya majukumu au ya kutegemeana? Nimeona watu wanajaza kitu kilekile mara tatu kwa maneno tofauti na mwalimu anatoa maksi. Pili muda, manesi wawili wagonjwa thelathini, nani atakaa na mzee jioni kusikiliza habari za kaka yake. Hilo unalijua na mimi nalijua.

Tatu ndo kubwa zaidi. Nadharia yote imesimama kwenye mgonjwa kukabiliana na mazingira. Sasa mazingira yenyewe kama ni mabovu? Wodi ina kelele, choo kiko mbali, watu wanamfokea, halafu mimi nesi nimsaidie akabiliane nayo? Hiyo ni kumfundisha mgonjwa kuvumilia uzembe wetu na kuuita maendeleo. Mgonjwa aliyekata tamaa kabisa naye utamkuta katulia, hasumbui, anameza kila kitu, kwenye fomu utasema kakabiliana vizuri.

MwanaWodi

Mzee wa Hoja karibu, nilikuwa nakusubiri.

Hilo la tatu naomba nilianzie kwa sababu ndo linapotoshwa sana hata madarasani. Ukisoma Roy anachomwambia nesi afanye, kitu cha kwanza anachokigusa ni vichocheo: kuviongeza, kuvipunguza, kuviondoa, kuvibadilisha, au kuviacha vilivyo kama vinasaidia. Yani anayetakiwa kusogea wa kwanza ni mazingira, na wewe nesi ni sehemu ya hayo mazingira, sauti yako, saa uliyopanga dresingi, pazia lako. Pale ambapo kichocheo hakiondoki, mguu umeshakatwa haurudi, ndo unaenda upande wa kuimarisha uwezo wa mgonjwa kukabiliana. Kwa hiyo choo kikiwa mbali suluhisho la kwanza ni kumhamishia kitanda karibu na choo, mambo ya kumpa moyo yanafuata baadaye.

Na kuhusu aliyekata tamaa akatulia, Roy mwenyewe alikosolewa mapema kwamba mtu wake anaonekana kama mashine, kichocheo kinaingia jibu linatoka. Kwenye maandiko yake ya baadaye akapanua maana, akasema ni watu wanaofikiri na kuhisi wakitumia utambuzi na uchaguzi wao kujiunganisha na mazingira. Uchaguzi, mkuu. Aliyetulia kwa sababu haoni njia nyingine hajachagua chochote. Na ndo maana tabia haupimi wewe peke yako kama inasaidia au haisaidii, unaipima pamoja na mgonjwa.

La modi kuingiliana nakubali zinaingiliana, hata yeye anasema zinagusana. Mimi najitofautishia kwa maswali, unajionaje ni ya kujiona, watu wanategemea ufanye nini ni ya majukumu, nani anakupenda na wewe unampa nini ni ya kutegemeana. Jambo moja likijibu maswali yote matatu liandike mara moja kwenye modi inayomuumiza zaidi, usilirudie.

La muda naliacha wengine walijibu.

Mapigo120

Mimi wa ICU, wodi ya mahututi, niongeze upande ambao watu wanausahau kwa sababu nadharia hii imepewa sifa ya kuwa ya mambo ya hisia. Modi ya mwili kwa Roy ni nzito kuliko zote, kuna mahitaji matano, hewa, lishe, kutoa taka, shughuli na mapumziko, ulinzi, halafu kuna na mambo manne ya hisi, maji na chumvichumvi za mwili, neva na homoni. Na njia za kukabiliana kazigawa mbili, regulata ambayo ni ya mwili wenyewe, neva, kemikali, homoni, hauiamrishi, na kognata ambayo ni akili, kutambua, kujifunza, kuamua, na hisia.

Sasa nani kawahi kuiona regulata ikifanya kazi. Mgonjwa anavuja damu ndani. Mtu mzima ana kama lita 5 za damu, akipoteza kati ya mililita 750 na 1500 presha, ile namba ya juu, mara nyingi bado iko kawaida kabisa, kwa sababu mishipa inabana, moyo unakimbia, homoni za kuzuia maji na chumvi zimefunguliwa, mkojo unapungua. Nesi anayeangalia presha peke yake anaandika "yuko vizuri". Roy ana ngazi tatu, kuna mwili uliotulia ukifanya kazi kwa pamoja, kuna mwili unaofidia, kuna ulioshindwa. Huyu yuko ya pili, anafidia, na kufidia kuna mwisho. Ukisubiri presha ishuke umesubiri ngazi ya tatu. Mapigo yamepanda, ngono... samahani GANZI na baridi kwenye vidole, mkojo kidogo, mgonjwa anahangaika hajui anataka nini, hiyo ndo tabia unayotakiwa kuisoma.

Na hapa hatua ya pili ya mwanzisha uzi inaingia vilevile. Mgonjwa huyohuyo kama alikuwa anatumia atenololi kwa presha yake, moyo hautakimbia vizuri hata akivuja. Hicho kidonge ni kichocheo cha pembeni. Usipouliza dawa anazotumia utaona mapigo 85 utarudi kukaa.

Zamu_ya_Usiku

Hahaha hiyo kibodi ya simu yako iangalie ndugu. Lakini umenena, hapo kwenye atenololi nimenyanyua daftari.

Mwaka wa Tatu

Samahanini wakubwa mimi mwanafunzi, nimefuatilia kila posti. Nina maswali mawili, kwanza kwenye kea plani (mpango wa huduma ya mgonjwa) kichocheo kikuu kinakuwa kimoja kwa mgonjwa au kimoja kwa kila tabia? Mwalimu wetu mmoja anasema hivi mwingine anasema vile. Pili tofauti na yule mwananadharia mwingine wa uuguzi, Betty Neuman, ni nini hasa maana naye ana mazingira na vinavyomsukuma mtu, kwenye mtihani nazichanganya.

MwanaWodi

Kwa kila tabia. Huyo baba kukataa dresingi kikuu chake kilikuwa maumivu ya dresingi yenyewe. Kukataa chakula kikuu chake kilikuwa imani ya kwamba anakufa, ambayo mwanzo ilikuwa masalia mpaka alipoisema mwenyewe. Mgonjwa mmoja, tabia mbili, vikuu viwili. Na kichocheo hichohicho kinaweza kuwa kikuu leo kesho kikawa cha pembeni, kwa hiyo kea plani ya Jumatatu usiitumie Ijumaa.

Neuman kwa kifupi, yeye anaangalia mtu kama kiini kilichozungukwa na mistari ya ulinzi, misukumo inagonga ile mistari, na nesi anafanya kinga ya ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ukiona swali lina mistari ya ulinzi na ngazi za kinga ni Neuman. Ukiona modi nne na regulata na kognata ni Roy.

Mama wa Watoto

Niko wodi ya watoto na naona mnamsahau mtoto ambaye ndo chanzo cha yote haya kwa Roy.

Mtoto wa miaka minne ameacha kukojoa kitandani zamani, analazwa, usiku wa pili anakojoa. Anaanza kuongea kitoto, anataka chupa. Wazazi wanaona aibu, na kuna wenzetu wanamgombeza. Hapo mtoto anafidia, anarudi pale alipowahi kuwa salama, na ukimgombeza umeongeza kichocheo kingine juu ya vilivyopo. Kikuu chake mara nyingi si ugonjwa. Ni mama kaondoka. Uingereza ripoti ya Platt ya 1959 ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitalini bila kubanwa na saa, maana kabla ya hapo kuna sehemu mtoto alikuwa anakaa wiki mzazi anachungulia kidogo sana, na manesi walikuwa wanasema mtoto katulia vizuri akishazoea, ila mama akija analia upya kwa hiyo bora asije. Si ndo kile Mzee wa Hoja kasema, kutulia kwa kukata tamaa. Kulia mama akija ndo ilikuwa afya, ule ukimya ndo ulikuwa ugonjwa.

Kwa hiyo mimi tabia ya utulivu kwa mtoto siiandiki kama nzuri mpaka nione anacheza. Asiyecheza na asiyelia ananitisha kuliko anayepiga mateke wakati wa kuwekewa dripu.

Mzee wa Hoja

Mama wa Watoto hapo umenipa hoja yangu na umenijibu kwa wakati mmoja, sijui nishukuru au nikasirike.

Figo Mbili

Mimi sio nesi. Ni mgonjwa wa dayalisisi (mashine ya kusafisha damu badala ya figo), nilipita tu nikaona uzi nikausoma wote. Naomba nichangie kutoka kitandani.

Mashine mara tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara. Kitu nilichoambiwa na kila mtu kwa kila lugha ni "punguza maji". Nikija na kilo zimezidi natazamwa kama mwizi. Nilijaribu kila kitu, kunyonya barafu, kikombe kidogo, kujificha na watu wanaokunywa. Kiu haikuwa ya kawaida, ilikuwa inaniamsha usiku. Baadaye akaja nesi mmoja akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, kwamba hii kiu inatoka wapi. Akapitia ninachokula, chumvi ilikuwa nyingi mno na mimi sikujua kwa sababu siitii kwa kijiko, ilikuwa ndani ya vyakula vya pakiti. Akaangalia dawa, moja ilikuwa inakausha mdomo. Akaniambia hutaishinda kiu kwa nguvu za moyo wakati chumvi inakusukuma kunywa, tuanze na chumvi.

Ilipungua kweli. Haikuisha lakini ilipungua kiasi cha mimi kulala. Sikujua kama ile ina nadharia, nilidhani ni yule dada tu ana akili.

Na kitu kingine, hayo mambo ya majukumu mnayosema. Kilichoniumiza sana hakikuwa sindano. Ni kwamba nyumbani waliacha kuniuliza maamuzi. Kila kitu "usijisumbue pumzika". Nilikuwa nawaza mimi nimekuwa mgeni kwenye nyumba yangu. Hakuna daktari anayepima hicho.

Mapigo120

Figo Mbili asante sana kwa kuandika. Na huyo nesi alikuwa sahihi kifiziolojia, chumvi ikizidi kwenye damu ubongo unaamsha kiu mpaka uwiano urudi, na kwa mwenye figo zisizotoa mkojo hakuna mlango wa kutokea, kwa hiyo anakunywa tu. Sukari ikiwa juu nayo inafanya hivyohivyo, kwa wenye kisukari iangalieni. Kumwambia mtu apunguze maji bila kugusa chumvi ni kupigana na regulata yake, na regulata haijawahi kushindwa kwa mahubiri.

MwanaWodi

Huo mfano wa Figo Mbili naomba ruhusa niutumie kufundishia, ni bora kuliko wangu. Tabia: kilo zimezidi. Wote waliishia hapo. Mmoja akauliza kiu inatoka wapi.

Na la nyumbani umelieleza kuliko kitabu. Familia ikimpumzisha mtu kila kitu inamnyang'anya nafasi yake, na hapo nesi anaweza kufanya kitu kidogo tu, kuongea na wale wa nyumbani, maamuzi yasiyohitaji nguvu za mwili yabaki kwake.

Figo Mbili

Tumia tu. Usitaje figo ngapi.

Zamu_ya_Usiku

Basi na mimi nitoe ya usiku maana nimekula madini ya watu bure. Wazee wanaochanganyikiwa ghafla usiku, anang'oa kanula ya dripu, anataka kwenda nyumbani, anamuita nesi kwa jina la dada yake. Reflexi yetu ni kumfunga mikono au kumpiga dawa ya usingizi. Kabla ya hapo fanyeni hatua ya pili jamani, angalieni vichocheo. Miwani yake iko wapi? Mara nyingi iko kwenye droo. Kifaa cha masikio? Kimezimwa kubania betri. Kibofu kimejaa? Choo kimefunga siku ngapi? Oksijeni? Maumivu asiyoweza kuyasema? Maambukizi ya mkojo? Taa inawaka usiku kucha na kelele je. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za wodini ziwe desibeli 30 kwa wastani, na usiku zisipande juu ya 40, sasa kaa ICU usiku mmoja usikilize alamu, stuli zinaburuzwa, na sisi wenyewe tunavyocheka pale kaunta. Huyo mzee haoni, hasikii vizuri, hajalala, hajui saa ngapi, halafu mtu aliyefunika uso anamshika mkono kwa nguvu gizani. Mimi mwenyewe ningepigana.

Saa ya ukutani anayoiona, miwani machoni, mtu wa familia karibu, mchana apate mwanga, usiku apate giza. Wengine watahitaji dawa bado, sikatai. Ila utaona wanaohitaji wanapungua.

Na kuhusu muda aliosema Mzee wa Hoja, mgonjwa aliyechanganyikiwa anakula zamu nzima. Kutafuta miwani ni dakika.

Mzee wa Hoja

Sawa, la muda nalegeza kidogo. Lakini nataka ushahidi, hadithi za wodini kila mtu anazo na kila hadithi inaishia vizuri kwa anayeisimulia. Kuna kitu kilichopimwa kuonyesha mazingira yenyewe yanabadilisha mgonjwa?

Mapigo120

Kipo cha zamani kinachotajwa sana, Roger Ulrich, kilitoka kwenye jarida la Science mwaka 1984. Alichukua rekodi za wagonjwa wa hospitali moja Pennsylvania waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo kati ya 1972 na 1981. Wengine dirisha lao lilikuwa linaangalia miti, wengine ukuta wa matofali. Akawapanga wawiliwawili wanaofanana, jozi 23. Wa miti walikaa baada ya upasuaji wastani wa siku 7.96, wa ukuta 8.70, na wa miti walitumia dawa kali za maumivu chache kuliko wa ukuta, na manesi waliandika maoni mabaya machache juu yao.

Angalia hilo la mwisho. Maoni ya manesi. "Anahitaji kutiwa moyo sana", "analia na kukasirika", vitu vya namna hiyo vilikuwa vingi zaidi kwa wenye ukuta. Manesi waliandika tabia ya mgonjwa, hakuna aliyeandika dirisha.

Mzee wa Hoja

Watu 46 ni wachache, na ni rekodi za nyuma, na hiyo haipimi nadharia ya Roy moja kwa moja, inapima dirisha. Ila hilo la manesi kuandika tabia bila dirisha, dah. Hilo nimelikubali bila masharti.

Bado nasema nadharia yenyewe ni pana mno kiasi kwamba ni vigumu kuishinda. Mgonjwa akipona amekabiliana, asipopona hajakabiliana, popote utakapopiga iko sahihi. Kama chombo cha kukukumbusha uangalie wapi naichukua. Kama sayansi ya kutabiri nani atapona, hapana.

MwanaWodi

Hapo tunakaa meza moja kabisa mzee. Mimi siitumii kutabiri. Naitumia inizuie kuandika "mkorofi".

Mwaka wa Tatu

Wakubwa nimejaribu kuandika kea plani ya yule baba wa mguu kwa mazoezi, naombeni mnisahihishe. Tabia: anakataa dresingi, anageukia ukutani. Kikuu: maumivu wakati wa dresingi. Pembeni: hakuna faragha, dawa inachelewa, kifo cha kaka. Utambuzi: kukabiliana kusikofaa na badiliko la mwili kutokana na maumivu na kukosa faragha. Lengo: mgonjwa atakubali hali yake. Afua (hatua za kuchukua): kumpa ushauri nasaha, kumtia moyo, kufunga pazia, dawa kabla ya dresingi.

Mama wa Watoto

Umejitahidi mdogo wangu. Lakini "atakubali hali yake" utaipimaje? Utamwangalia usoni? Lengo kwa Roy lina tabia, lina badiliko unalolitegemea na lina muda. Na kwanza hatujui kama anatakiwa kuikubali, mguu wake umekatwa wiki hii, ana haki ya kuuchukia.

MwanaWodi

Na ona mpangilio wa afua zako. Umeanza na nasaha na kutia moyo, pazia na dawa vikaja mwisho. Geuza. Ushauri nasaha kwa mtu anayefunguliwa kidonda bila dawa mbele ya watu ni matusi.

Kingine, umeweka pazia, umeweka dawa, hukuweka kabisa kumwonyesha kidonda. Kuna siku atataka kukiangalia na itategemea nani yuko pale na anasema nini. Mwambie mapema kwamba anaweza kuhisi maumivu kwenye mguu ambao haupo, inawapata wengi waliokatwa viungo, maana usipomwambia akihisi vidole vinawaka atadhani anarukwa na akili na hatakuambia.

Mwaka wa Tatu

Nimeelewa. Lengo jipya: ndani ya saa 48 mgonjwa ataruhusu dresingi ifanyike mpaka mwisho, na atataja mwenyewe kiwango cha maumivu kabla na baada. Afua ya kwanza dawa ya maumivu kama ilivyoandikwa na daktari saa moja kabla ya dresingi, ya pili pazia na dresingi baada ya raundi, ya tatu kumuuliza anataka aangalie kidonda au la, na kumweleza kuhusu maumivu ya mguu uliokatwa, ya nne kumuomba daktari amweleze hali ya kidonda chake.

Mzee wa Hoja

Hiyo hata mimi mpinzani naisaini.

MwanaWodi

Hapo sasa. Ongeza kitu kimoja tu, huo muda mpya wa dawa uandike kwenye chati ya dawa na uutaje kwa mdomo wakati wa kukabidhi zamu, kwa sababu ukiuacha kwenye kea plani peke yake zamu inayofuata watampa saa tatu kama kawaida na mzee atageukia ukutani tena.

Zamu_ya_Usiku

Na mke wake aambiwe dresingi saa ngapi, asije katikati.